Usikate Tembre, Acha Bahasha Nzima



Wiki hizi tumepokea swali moja kutoka vikundi viwili, kimoja cha upande wa Masisi na kingine cha Walikale, kama vile waliambiana. Kuna watu wanapita nyumba kwa nyumba wakiuliza barua za zamani. Barua yenyewe hawaitaki. Wanataka ile tembre, stempu ya posta iliyobandikwa kwenye pembe ya bahasha. Wanatoa makasi, wanakata ile pembe, wanalipa bei ya kipande cha sabuni, wanaenda. Wamama wanauliza: tuuze ao tusiuze?

Jibu la haraka ni kwamba makasi yakae mbali. Sababu yake ni ndefu kidogo na inapita katika historia yote ya nchi yetu, basi vuteni viti.

Tuanze na zile barua. Mbele ya telefone kuingia vijijini, baba aliyekuwa anafanya kazi kwenye mgodi ao kwenye plantasyo aliandika. Kijana aliyesoma Bukavu ao Kisangani aliandika akiomba pesa ya minerval. Shangazi aliyeolewa mbali aliandika akisema amejifungua. Nyanya zetu walifunga barua hizo na uzi na kuziweka chini ya valizi, pamoja na karata za ubatizo. Nyingi zimepotea njiani. Mtu anayekimbia risasi anabeba mtoto, sufuria na godoro, si barua. Zile zilizobaki leo ni chache, na ndiyo sababu wapitaji wanazitafuta.

Sasa tembre ni nini? Ni risiti, kama risiti ya AVEC yenu. Zamani kule Uingereza mara nyingi aliyepokea barua ndiye alilipa, na maskini aliweza kurudisha barua ya mtoto wake kwa kukosa pesa. Mwaka 1840 wakaanza kuuza kikaratasi cha peni moja chenye sura ya malkia Victoria: anayetuma analipa kwanza, anabandika, basi. Nchi zingine zikafuata. Kwetu kikaratasi cha kwanza kilitoka mwaka 1886, mwaka uliofuata mkutano wa Berlin. Sura iliyokuwa juu yake ni ya Léopold wa Pili, mfalme wa Wabelgiji, ambaye hakukanyaga Congo hata siku moja. Nchi ilikuwa mali yake, na barua zilizotoka huku zilibeba uso wake.

Mwaka 1894 zikaja tembre za picha, zilizochapwa London: bandari ya Matadi, maporomoko ya maji karibu na Kisangani ya leo, daraja la reli, watu wakiwinda tembo. Ni nzuri kwa macho, hatukatai. Lakini hizo ndizo zilikuwa siku za mpira wa porini, siku za watu kukatwa mikono, na juu ya tembre hakuna mkono uliokatwa. Sisi walimu tunapenda kuanzia hapo na watoto. Tembre ni mdomo wa mwenye nchi. Inaonyesha kile anachotaka kionekane, na mtoto akishajua hilo ataanza kuuliza kile kilichofichwa.

Mwaka 1908 Congo ikatoka mikononi mwa mfalme ikawa koloni la dola ya Ubelgiji. Tembre za zamani hazikutupwa. Zilipitishwa tena kwenye mashini, zikachapwa juu yake maneno CONGO BELGE. Muweke tabia hiyo kichwani, mutaikuta tena na tena.

Mwaka 1916, wakati wa vita ya kwanza ya dunia, jeshi la Congo liliingia Ruanda na Urundi, likafika mpaka Tabora mwezi wa Septemba. Tembre za Congo zikachapwa tena juu yake, kwa Kifaransa na Kiflamand, kusema kwamba hii ni Afrika ya Mashariki ya Wajerumani iliyokaliwa na Wabelgiji. Nyuma ya askari walitembea wapagazi, wengi wao watu wa huku mashariki, na mizigo kichwani. Tembre inataja jeshi na nchi iliyotekwa. Mpagazi hayuko.

Sehemu inayotugusa zaidi sisi wanawake ni tembre za mwaka 1923. Hapo kwa mara ya kwanza wamama wetu wanaonekana peke yao, sura kubwa, nywele zimesukwa vizuri sana. Vitabu vya wakusanyaji vinawaita hivi: mwanamke wa Ubangi, mwanamke wa Baluba, mwanamke wa Babuende. Ni hayo tu. Tulipeleka picha za tembre hizo katika darasa la tano, tukiwa na somo letu limeandaliwa juu ya koloni, na msichana mmoja akainua mkono hata mbele hatujaanza: “Mwalimu, huyu mama anaitwa nani?”

Hakuna anayejua. Mfalme ana jina, ana hata namba nyuma ya jina. Mama ana kabila na nywele. Somo letu likaishia hapo, kwa sababu darasa zima lilikataa kuendelea kabla ya kulizungumza jambo hilo. Tuliwagawia vipande vya karatasi, kila mtoto akachora tembre ya mama yake. Tulipata mama mwenye jembe, mama mwenye beseni la ndizi kichwani, mama anayeuza mafuta ya mawese kwa chupa, na chini ya kila mmoja jina, postnom na prénom, vyote vitatu, kwa herufi kubwa. Bei walijipangia wenyewe. Mmoja aliandika franka milioni kumi, wenzake wakamwambia hakuna barua inayoweza kutumwa kwa pesa hiyo, akajibu kwamba mama yake hatumwi.

Turudi njiani. Mwishoni mwa miaka ya 1930 zilitoka tembre za mbuga za wanyama. Parc Albert, ile tunayoita Virunga, ilikuwa imeanzishwa mwaka 1925, na juu ya tembre hizo muko mto Rutshuru na mlima Karisimbi. Mtoto wa Masisi anayeutazama ule mlima asubuhi ukungu ukiondoka ataufahamu. Mwaka 1959 zikaja za wanyama: tembo, okapi, simba, twiga, na gorila kwa franka moja. Watu wa Walikale hapo wanaweza kupiga kifua. Mbuga ya Kahuzi-Biega inaingia katika teritware yao, na wale gorila wa nchi ya chini wa mashariki hawapatikani mahali pengine duniani isipokuwa mashariki ya nchi yetu. Okapi naye alirudi kwenye tembre za Zaire mwaka 1984, pamoja na alama ya panda ya shirika linalolinda wanyama.

Halafu ikafika tarehe 30 Juni 1960. Nchi ilipata uhuru, na posta ilikuwa na akiba kubwa ya tembre za koloni, zile za maua zilizotoka tangu 1952 na zile za wanyama. Wakafanya nini? Wakafanya kama mama anayeshona kiraka kwenye uniforme ya mwaka uliopita. Wakachapa neno moja juu yake: CONGO. Tembre mpya za uhuru zilikuwako pia, lakini sisi tunapenda zaidi zile zenye kiraka, kwa sababu zinasema ukweli kuhusu siku ile. Nguo ilikuwa ya mwingine, jina likawa letu. Wenzetu wa Tanganyika, walipopata uhuru mwaka 1961, waliandika juu ya tembre zao neno UHURU kwa Kiswahili. Za kwetu ziliendelea kusema Kifaransa.

Siku kumi na moja tu baada ya uhuru, Katanga ikajitenga. Nayo ilichukua maua yale yale, ikachapa KATANGA. Kasai ya Kusini nayo ikachapa jina lake. Kwa hiyo ua moja, lililochorwa mara moja, lilibeba majina manne katika muda mfupi: Congo Belge, Congo, Katanga, Sud-Kasai. Tumesoma kurasa nyingi juu ya kujitenga kwa majimbo, na hatujaona ukurasa unaoeleza jambo hilo haraka hivyo kwa mtoto wa miaka kumi na moja. Muwekee tembre hizo nne juu ya meza, hata zikiwa picha za telefone, naye ataanza kuuliza mwenyewe.

Mwaka 1962 nchi ilitoa tembre za Dag Hammarskjöld, katibu mkuu wa Umoja wa Mataifa, aliyekufa katika ajali ya ndege karibu na Ndola mwezi wa Septemba 1961 akiwa katika safari ya kutafuta amani ya Congo. Sisi tuliokulia Kivu tumeona magari mengi meupe yenye herufi mbili, na kila mmoja ana maoni yake juu yao. Tembre hizo zinakumbusha kwamba habari hiyo ni ya zamani kuliko sisi.

Miaka ya Zaire tunaikumbuka wengi kwa pesa. Kwanza tembre ziliuzwa kwa makuta. Halafu bei ikapanda, ikapanda, mpaka miaka ya 1990 posta ikaanza tena kuchapa juu ya tembre za zamani, mara hii si jina bali bei mpya. Mama aliyekuwa anafanya biashara wakati huo hahitaji maelezo. Mwaka 1993 zaire milioni tatu ziligeuka kuwa zaire mpya moja, na mwaka 1998 zaire mpya laki moja zikawa franka moja. Tembre yenye bei iliyofutwa na nyingine kubwa kuandikwa juu ni ushahidi kwamba nyanya hakutia chumvi aliposema alibeba noti kwenye mfuko kwenda kununua chumvi.

Sasa tufike kwenye bahasha, maana ndiyo swali lenu.

Kuna kitu wakusanyaji wanakiita bahasha ya siku ya kwanza. Tembre ya ukumbusho inapotoka, posta inatengeneza bahasha maalum yenye picha, inabandika ile tembre, na kuigonga muhuri wenye tarehe ya siku hiyo hiyo ya kwanza kuuzwa. Bahasha yenye tembre za uhuru na muhuri wa Léopoldville wa tarehe 30 Juni 1960 ni kitu cha namna hiyo. Tembre, muhuri na siku vinashuhudia pamoja. Ukiikata, unabaki na picha nzuri isiyojua ilizaliwa lini.

Bahasha za valizi za kwenu hazikutengenezwa kwa sherehe, lakini kanuni ni ile ile, na mara nyingi zinasema mengi zaidi. Tembre peke yake, iliyokatwa, imechapwa kwa maelfu ao mamilioni, na ndiyo maana aliyenunua kwa bei ya sabuni hana hasara. Lakini bahasha nzima yenye muhuri unaosomeka wa kituo kidogo, tuseme Masisi ao Walikale, ni nyingine. Barua nyingi zilipita Léopoldville. Ngapi zilipita kwetu? Mkusanyaji anayejua kazi yake hawezi kukata bahasha ya namna hiyo. Yule anayekuja na makasi ama hajui kitu, ama anajua na anataka musijue.

Tena muhuri unawafundisha watoto majina. Ukisoma Costermansville, hiyo ni Bukavu kabla ya 1954. Stanleyville ni Kisangani, Élisabethville ni Lubumbashi, Léopoldville ni Kinshasa, majina yaliyobadilishwa mwaka 1966. Na juu ya bahasha kuna jina la babu, limeandikwa na mkono wa mtu aliyemjua, pamoja na mahali alipokuwa siku ile. Tusidanganyane hapa: bahasha si hati ya shamba, na hakuna mtu anayepaswa kuipeleka kwenye kesi akidhani itamwokoa. Ni alama kwamba mtu wetu fulani alipokea habari mahali fulani, siku fulani. Kwa familia iliyopoteza foto zote njiani, hiyo inaweza kuwa alama pekee.

Jinsi ya kutunza. Masisi ni baridi na ukungu, Walikale ni joto na mvua ya pori, na pote pawili adui ni unyevu. Musiweke barua juu ya ukuta wa udongo wala juu ya dari ya jikoni. Moshi unazuia wadudu, ndiyo, lakini unageuza karatasi kuwa rangi ya chai na kuivunja. Wekeni kila bahasha ndani ya karatasi safi, zote ndani ya kitabu kikubwa ili zisikunjike, na kitabu ndani ya sashe ya plastiki nzito. Siku ya jua mufungue sashe ipate hewa, mbali na mwanga mkali maana rangi inafifia. Musitumie skoch wala gundi. Mikono ioshwe kwanza na ikauke, hasa kama mumetoka kupika sombe. Kwa kushika tembre iliyo peke yake, kile kikoleo cha kunyolea nyusi kinafaa sana, kama ncha zake si kali.

Na zile zilizokwisha kukatwa? Hizo tu ndizo zinaweza kubanduliwa. Mulaze kile kipande ndani ya maji ya uvuguvugu kwa dakika kumi na tano hivi mpaka tembre iteleze yenyewe, mukaushe uso ukitazama chini juu ya kitambaa cheupe, halafu mubane ndani ya kitabu. Kama bahasha ni ya rangi nyekundu ao ya kijani, musilowanishe. Rangi itahamia kwenye tembre.

Sashe moja ya namna hii haina uzito. Inaingia chini ya kikwembe, mgongoni pamoja na mtoto. Hatusemi zaidi juu ya hilo, munaelewa.

Kuuza, je? Hatutamwambia mama mwenye watoto wenye njaa kwamba karatasi ni takatifu. Ukilazimika, uza. Lakini kwanza msome barua yote pamoja na watoto, mwandike kwenye daftari majina, mahali na tarehe, na kijana mwenye telefone apige picha mbele na nyuma. Toa barua ndani ubaki nayo. Wengi wanataka bahasha tu. Uza bahasha nzima, si pembe yake, na usiuze kwa mtu wa kwanza aliyepiga hodi. Kuna katalogi za bei: ile ya Wabelgiji, wanayoiita COB, ina tembre zote za koloni, na ile ya Yvert et Tellier ya Wafaransa inaendelea mpaka nyakati zetu. Bei ya katalogi si ile utakayolipwa, mnunuzi analipa chini ya hapo. Lakini mkiwa kikundi na mmoja wenu ana mtoto Goma ao Bukavu anayeweza kuitafuta, mutajua angalau kama mnaongea juu ya sabuni ao juu ya mbuzi.

Tahadhari moja kwa wale wanaotaka kuanza kukusanya. Kuna karatasi nyingi zinazong’aa, zenye jina la nchi yetu na picha za wacheza sinema, treni na magari ya mashindano, ambazo hazikuuzwa hata siku moja kwenye dirisha la posta ya Congo. Zimechapwa na wafanyabiashara wa mbali kwa ajili ya wakusanyaji. Muungano wa posta za dunia, ulio na makao yake Berne, umetuma matangazo mengi ya kuonya juu ya tembre za namna hiyo. Mtoto akipewa kama zawadi, sawa, ni picha. Msinunue kwa pesa ya likelemba.

Imebaki mama mmoja wa Walikale aliyetuuliza juu ya tembre ya Zaire yenye wapiga ngumi wawili, aliyoikuta kwenye barua ya marehemu mume wake. Ni tembre ya pambano la Muhammad Ali na George Foreman, lililopigwa Kinshasa usiku wa tarehe 30 Oktoba 1974. Lilipangwa kwa tarehe 25 Septemba, Foreman akapasuka juu ya jicho katika mazoezi, likasogezwa. Tembre ya namna hiyo si adimu, mama, na mnunuzi hatakupa kingi. Tazama muhuri wake kwa taa ya telefone, ukiinamisha bahasha kidogo ili wino uonekane: kama tarehe inasomeka, utajua ni siku gani mume wako alipeleka barua hiyo posta.